Msiba wa Kangaja wa Baba Jeni

Kuna njia hapa Mpanda nikipita naongeza mwendo, na kama mmewahi kunikuta sokoni nimejitanda mtandio mpaka puani mkadhani nakimbia vumbi, leo niwaambie ukweli, ile ni aibu. Mimi ndiye yule mwanamke aliyefungiwa turubai, akaletewa viti na masufuria ya msiba, watu wakaacha mashamba yao wakaja kumpa pole, kumbe aliyekufa ni samaki. Hadithi mmeisikia kwa watu, na kila mtu anaongeza chumvi yake. Wacha niisimulie mwenyewe.

Mume wangu, Baba Jeni, alikuwa dereva wa lori, anapakia mchele huku Mpanda, anashusha Dar. Ni mtoto wa kijiji cha Mwamkulu, amekulia kwenye majaruba ya mpunga, bahari aliiona akiwa mtu mzima na ndevu zake, na sijui ilimfanya nini, maana safari moja akarudi na tangi la kioo, pampu, taa, hita na gunia la chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari. Sebule yangu mnaijua, makochi mawili na kabati la vyombo. Kabati likahamia chumbani ili bahari ipate pa kukaa. Alikuwa analaza maji ya bomba kwenye ndoo ili dawa iishe nguvu, kesho yake anakoroga chumvi (na mwiko wangu mpya wa ugali, sijasahau), anapima kwa kile kipimo chake cha chumvi, anatikisa kichwa, anaongeza kidogo. Wageni wote wakiwaona samaki wake wadogo humo walikuwa wanauliza swali moja, hawa mnakula lini? Mimi nilikuwa naungana nao. Nilishamwambia wazi kwamba samaki ambaye hata ukimkaanga hatoshi mtu mmoja ni mzigo tu, naye alikuwa anacheka, hakuwahi kunibishia.

Kisha Baba Jeni akafa. Alilala nyumba ya wageni njiani, asubuhi hakuamka, wakasema ni moyo. Sitaki kukaa sana hapo. Niseme tu kwamba siku za mazishi nyumba ilijaa watu, mtu mmoja akachomoa pampu ili achaji simu, na tulipokuja kukumbuka, samaki wote walikuwa wanaelea. Nikawachota na upawa nikawatupa. Na kwenye mazishi yenyewe sikulia. Sijui niwaelezeje, nilikuwa naulizwa sahani ziko wapi, wageni wa Sumbawanga walale wapi, maji yameisha, nikawa najibu, najibu, mpaka kaburi likafukiwa nami bado najibu. Watu waliona. Mama mkwe wangu aliona zaidi ya wote. Hakunisema, lakini tangu siku hiyo akija kumchukua mtoto wetu Jeni kwenda naye shamba alikuwa anasimama mlangoni, haingii, anaitikia salamu yangu huku anaangalia barabara.

Muda ukapita. Siku moja nikapigiwa simu kutoka ofisi ya mabasi, niende stendi kuna mzigo wangu. Nikakabidhiwa boksi jeupe jepesi la foma limezungushiwa utepe wa gundi, ndani kuna mfuko wa maji uliojaa hewa, na ndani ya mfuko samaki wa ukubwa wa kiganja, mwembamba kama sahani, rangi ya buluu ya kupendeza, mgongoni ana mstari wa njano. Nikampigia muuzaji kule Dar nikijua amekosea. Hakuwa amekosea. Akaniambia huyo Pwani wanamwita kangaja, mume wangu alimwagiza kitambo na kulipia, ila wa rangi ile walichelewa kupatikana. Habari za kifo hakuwa nazo. Nilipomwambia alinipa pole, halafu akasema, "Mama, alisema huyu ni wa kwako. Alisema labda ukimwona huyu utalipenda tangi."

Nilisimama pale stendi na boksi langu, watu wananipita na mizigo yao. Hata hapo sikulia.

Nikaliosha tangi, nikachanganya maji kama nilivyokuwa namwona akifanya, muuzaji ananielekeza kwa simu, nikamtia. Kesho yake nikaona vidoa vyeupe kwenye mapezi, vidogo kama punje za chumvi, na mimi kwa akili zangu nikajua ni chumvi haijayeyuka imemganda, nikaingiza mkono nikawa namkimbiza humo ndani eti nimfute. (Chekeni tu.) Ila ilipofika jioni vidoa vilikuwa vimeenea mwili mzima, anajikuna kwenye jiwe, anahema kama mtu aliyepanda mlima. Muuzaji akaniambia hao ni wadudu, samaki mgeni aliyechoshwa na safari hushikwa kirahisi, nimtoe nimweke kwenye chombo chake peke yake, nibadilishe maji kila asubuhi, chumvi niipunguze kidogo kidogo nisimshtue, na yeye atatuma kwa basi dawa ya shaba ambayo nisithubutu kuizidisha.

Basi nyumba yangu ikawa wodi. Beseni kubwa likakaa katikati ya sebule na hita na pampu yake, Jeni akawa anafanyia kazi za shule sakafuni. Nilipoona dawa inachelewa nikamtia kangaja kwenye ndoo ya mfuniko nikaenda naye duka la dawa za mifugo, nikapanga foleni na wafugaji wa Kisukuma waliofuata dawa za kuogeshea ng'ombe, na muuzaji wa pale akaniuliza mnyama wangu ana uzito gani. Nikafunua ndoo. Alicheka mpaka akashika kaunta. Mzee mmoja mwenye fimbo akachungulia, akaniambia pole mama, atapona, na nawaambieni ukweli, ile pole ya mzee niliibeba mpaka nyumbani.

Dawa ikaja. Nikawa namhudumia asubuhi na jioni, na katika kumbadilishia maji nikajikuta naongea naye. Mwanzoni ni maneno ya kawaida, kula baba, jitahidi. Baadaye nikawa namsimulia mambo ya nyumbani, bati linavuja upande wa jikoni, Jeni ameanza kuandika vizuri, mama hataki kuingia ndani. Mambo ambayo angetakiwa kuambiwa mtu mwingine. Vidoa vikaanza kupungua. Siku aliyokula kijani cha mchicha niliouchemsha nilifurahi hadi nikampigia muuzaji wa Dar.

Ijumaa usiku, Jeni akiwa kwa bibi yake Mwamkulu, umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Nikachukua kikombe nikawa nachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, nachota namimina, mpaka usingizi ukanichukua hapohapo sakafuni. Nilipoamka kumeshapambazuka, umeme umerudi, pampu inaunguruma, na kangaja amelala ubavu chini ya beseni. Vidoa vyote vimekwisha. Amekuwa msafi kabisa.

Nikamtoa nikamweka kwenye bakuli. Ndipo kikatoka kitu kifuani kwangu ambacho mimi mwenyewe nilikishangaa. Sauti niliyopiga nadhani waliisikia mpaka barabara kubwa. Nililia nikamwita Baba Jeni kwa jina lake la ubatizo, nikamuuliza kwa nini ameniacha, nikagaragara, kanga huku, kilemba kule.

Jirani yangu Mama Shija akaingia mbio na mikono yake ina unga. Akaniinamia, akaniuliza, "Ni nani? Mama Jeni, ni nani?"

Na hapa ndipo palipoharibika, jamani. Ningesema neno moja tu, samaki, tungeishia hapo. Lakini mtu umelala chini unalia hivyo, jirani amekuja na unga mikononi, utamwambiaje ni samaki? Nikaona haya. Nikasema, "Wa Baba Jeni. Wa mwisho."

Sikudanganya, si ndiyo? Lakini Mama Shija alijua kabisa kwamba baba mkwe wangu alishatangulia, na kwamba aliyebaki upande wa Baba Jeni ni mama yake tu kule Mwamkulu. Akajishika kichwa, akatoka. Mimi niliona tu ametoka.

Nilizoa bakuli langu nikalifunika na kanga, nikaingia nalo chumbani, nikaendelea. Kilio cha tangu mazishi kilikuwa kimefungua mlango, hakikutaka kufunga. Nikasikia watu nje, nikadhani wanapita. Nikasikia vyuma vinagongwa. Kumbe ni turubai. Wamama wakaingia wakakaa chini kunizunguka, mmoja akanishika mgongo, na niliposikia anasema "alikupenda sana mkweo" ndipo akili ikanirudia, machozi yakakauka yenyewe. Nikafungua mdomo niseme. Wakati huohuo Mzee Kanoni, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kusali, akaanzisha rozari pale uani, kila mtu akapiga magoti. Nikasema moyoni, ngoja wamalize nitawaambia. Walipomaliza wakaanza nyimbo. Nikasema ngoja wamalize nyimbo. Mwenyekiti akaja dirishani kuuliza kwa upole kama mama atazikwa Mwamkulu au atalala pembeni ya mwanawe, nami nikaitikia tu mmh, akaondoka na ile mmh yangu akaenda kuipangia watu. Harufu ya kitunguu ikaingia. Walikuwa wanakaanga dagaa wa ziwani kutoka Ikola, chakula cha waombolezaji, na mimi nina samaki chini ya kanga. Sikujua nicheke au nife.

Taarifa ilishatumwa kwenye kundi la simu la jumuiya, na kutoka hapo ikafika Mwamkulu kabla hata chakula hakijaiva. Ndiyo maana ghafla nyimbo zikakatika. Kisha nikasikia pikipiki inazimwa, na mwanamke mmoja akapiga yowe kama ameona mzuka.

Mama mkwe wangu akaingia chumbani. Miguu ina tope la jaruba mpaka magotini, Jeni kamshika sketi. Ilikuwa mara ya kwanza anavuka kizingiti changu tangu mazishi. Mlangoni nyuma yake wamejazana vichwa, mwenyekiti mbele.

"Nimeambiwa nimekufa," akasema. "Nimeambiwa wewe unanilia kweli kweli. Nikasema twende nikaone."

Nikavuta bakuli, nikafunua kanga.

Nyie, vichwa vyote vikachungulia bakuli. Halafu mtu huko nyuma akasema samaki, na neno likatembea kutoka mlangoni hadi uani hadi barabarani, samaki, ni samaki, na kicheko kikaanza upande mmoja na hasira upande mwingine. Mwenyekiti alivua kofia akaivaa tena. Mama mmoja, simtaji, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mume hakumtolea hata chozi, leo analilia kitoweo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe hakugeuka kuwatazama. Aliinama juu ya bakuli. Akaniuliza kama huyu ndiye samaki ambaye Jeni alimweleza habari zake, yule aliyeagizwa na mwanawe mwenyewe. Nikaitikia ndiye. Akaniuliza aliagizwa kwa ajili ya nani. Nikasema, "Mimi, mama. Alitaka nimpende."

Akakaa chini kwenye mkeka, na tope lake, akanyoosha miguu. Akamwambia mwenyekiti, bila kupandisha sauti, "Turubai liache. Watu wale, chakula kimeshapikwa." Kisha akafungua kilemba akakiweka pembeni, akanishika mkono, na tukalia, mimi na yeye, kama tulivyotakiwa kulia siku ile. Wengi waliondoka wakisonya. Wachache walibaki wakala wali na dagaa. Mama Shija alibaki kuosha vyombo, hakuniangalia usoni kutwa nzima, na mpaka leo akinisalimia huwa anamalizia kwa kuuliza wote wazima, pamoja na wa kwenye maji?

Jumuiya iliyofuata niliambiwa nisimame niombe radhi. Ni haki yao, niliwaachisha watu kazi, nikamzika mama wa watu akiwa hai. Nikasimama. Maneno yangu yalikuwa machache, watoto wanabana pua wasicheke. Nilipomaliza, Mzee Kanoni alikohoa, kisha akauliza kama anavyoulizwa mfiwa yeyote:

"Kwani marehemu aliumwa nini?"

Nikadhani ananikejeli. Nikamtazama, hakuwa anakejeli. Basi nikamwambia, alianza na vidoa vyeupe, nikamweka peke yake, nikampa dawa, akala mchicha, nikajua amepona, halafu umeme ukakatika. Nilieleza yote, na hakuna aliyecheka.

Tangi nimelipeleka shule ya Jeni, wanaweka humo vitabu. Mimi na samaki wa kufuga basi, hata mtu aniletee wa dhahabu. Na nimejiwekea jambo jingine. Nikifiwa tena, nitalia siku hiyohiyo, sahani watazitafuta wenyewe.