Mikono ya Mama Dobi

Yule mama dobi akisimulia, mkono wake hautulii. Hulowesha kidole, huigusa pasi kupima moto, tss, kisha hukandamiza kola huku akieleza jinsi mashine ya kiwandani ilivyomuua mumewe. Maana mkono ukisimama, hutetemeka. Mtafiti wa kwanza alimhoji hivyohivyo, mama akipiga pasi, akaenda kuandika kitabuni kwamba mjane hakuonyesha majonzi. Binti wa mama dobi alipomsomea mamaye maneno hayo, mama akaunguza shati la watu. Tangu hapo hasira imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Juzi akaja mtafiti wa pili na kinasa sauti chake.

“Shikamoo mama. Wewe endelea tu na kazi, tutaongea.”

Mama dobi akaisimamisha pasi, akamnyooshea mikono mitupu, inatetemeka.

“Marahaba. Andika hii kwanza, mwanangu, ndipo uniulize.”