Kigoda cha Fundi Chupa

Shemeji yake ndiye aliyempachika jina la Fundi Chupa, na jina likamganda kuliko gundi yoyote aliyowahi kuinunua. Kazini alikuwa karani wa mishahara, mpole, asiye na neno na mtu. Akifika nyumbani na kuvaa aproni yake yenye mifuko mingi, alikuwa seremala. Seremala wa aina yake, maana kwenye kibaraza cha nyuma, kando ya karo la kufulia, palikuwa na rafu nzima ya gundi za mbao: nyeupe, ya manjano, ya kahawia, ya kuchanganya chupa mbili. Kilichotengenezwa kwa gundi hizo hakikuwapo, hata mwiko. Rafu yenyewe ilinunuliwa dukani.

Mkewe, msusi, aliwaambia wateja wake kwamba mumewe hanywi wala hahangaiki na wanawake, ana gundi tu, na kila ndoa ina mtihani wake.

Basi mama mzazi wa Fundi Chupa, aliyekuwa akiishi nao, miguu ikaanza kumgomea. Kitanda chake kilikuwa cha zamani, cha miguu mirefu, naye hakutaka kusikia habari za kuikata. Ikawa kila jioni anamwita mwanawe, kwa sauti ya kumfikia hadi jirani, aje ampandishe. Mwana anakwenda, anamnyanyua, na mama analalamika kwamba anabebwa kama gunia.

Jumapili moja, wakiwa mezani, Fundi akatangaza kwamba atamtengenezea mama kigoda cha kupandia. Mkewe akaacha kutafuna. Shemeji, ambaye hakuwahi kukosa mlo wa Jumapili kwa dada yake, akauliza kwa adabu zote kama kitakuwa cha mbao au cha chupa.

Akachagua gundi ya kahawia, kwa sababu chupa yake ilikuwa na picha ya lori linaloning'inia. Mama hakuwa na uzito wa lori, lakini mwana mwema hachezi na usalama wa mzazi. Maelezo hakuyasoma, kusoma ni kwa wasiojua. Akaimimina kwenye maungio kama anayemwagilia mchicha, akaweka tofali juu, akaenda kulala na moyo mweupe. Kumbe gundi ile ikipata unyevu hufura. Usiku kucha ikafura, ikaisukuma miguu ya kigoda kila mmoja upande wake, kisha ikakauka ngumu kama jiwe. Asubuhi kigoda kilisimama kama mlevi anayetafuta funguo zake. Vidole vya fundi navyo vilishika rangi, akashinda wiki nzima ofisini na mikono ya mvuta sigara sugu.

Mama akakizunguka mara moja, polepole.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni cha kupandia au cha kuangukia?"

Shemeji alicheka mpaka akaombwa atoke nje. Fundi mwenyewe hakucheka. Neno la shemeji alikuwa amelizoea, la mama lilimwingia. Akakibeba kigoda mpaka kibarazani, akakaa chini, na kwa mara ya kwanza akasoma migongo ya chupa zake zote. Nyingine zilikuwa zimepita muda wa matumizi kabla hazijafunguliwa. Ile nyeupe ya bei ya chini, aliyoidharau na kuitumia kuzuia mlango usijifunge, ndiyo iliyoandikiwa samani za ndani ya nyumba, mahali pakavu. Ilikuwa imeshaganda, akaenda kununua mpya.

Akakata mbao mpya, na safari hii aliyajaribu maungio kwanza bila gundi, mpaka yakakutana bila kulazimishwa. Akapaka gundi nyembamba kila upande, akabana kwa jiriwa hadi vitone vikachungulia, akavifuta kwa kitambaa chenye maji. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote: akakiacha mpaka kesho yake. Mkewe alimwona akikipitia mara kwa mara kama mzazi wa mtoto mwenye homa.

Kilipoletwa chumbani, mama hakukigusa. "Mtangulize shemeji yako," akasema. "Yeye ndiye mwenye nyama."

Shemeji akavua viatu. Akapanda, mkono ukutani. Hakuna kilicholia.

"Ruka kidogo."

Akaruka. Kigoda kikatulia. Akashuka bila utani wowote, na kabla ya kuondoka akanong'ona kwamba kule kwake mke wake naye angehitaji kimoja cha jikoni.

Jioni ile Fundi Chupa alikaa sebuleni akisubiri kuitwa. Kimya. Akasubiri tena, akaona aende mwenyewe. Akamkuta mama yuko kitandani, shuka hadi kifuani, amejitosheleza.

"Nimepanda mwenyewe," mama akasema.

"Naona."

Akabaki mlangoni, mikono haina kazi. Hakuwa amefikiri kwamba kigoda kikifaa, yeye atakuwa hahitajiki. Mama akamtazama, kisha akasogeza miguu yake kumpa nafasi. Akakaa ukingoni, wakamsengenya shemeji taratibu, mpaka usingizi ukamchukua mama.