Aliyepunguza Miito

Nilipostaafu ufundi wa mitambo ya simu, nilibaki na kazi moja isiyo na bosi. Kanuni ambazo mashine hufuata zinapowasiliana kwenye mtandao huandikwa kwanza kama rasimu, na mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuzisoma na kutuma masahihisho kwa barua pepe. Mimi huzisoma hapa Mtinko baada ya swala ya alfajiri, kabla mbuzi wa jirani hawajaanza kelele.

Namshukuru Mungu kwa macho aliyoniachia. Lakini rasimu nazisoma kwa shaka. Mwalimu wetu wa madrasa alitukataza kupokea habari yoyote mpaka tujue imetoka kwa nani, na huyo aliipata kwa nani, hadi mwanzo wake.

Toleo la sita la rasimu moja lilinikosesha raha. Lilihusu vifaa vidogo vinavyopeleka ujumbe kutoka vituo vya mbali. Aya moja ilisema kifaa kikiita mara moja na kisijibiwe, kihesabu kwamba upande wa pili haupo, kisha kifute ujumbe kilioubeba.

Binti yangu ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Mgori. Akiomba gari la wagonjwa kutoka mjini, ombi lake hupita kwenye kifaa cha namna hiyo. Upepo ukivuma, mtandao wa kule hupotea dakika nzima, kisha hurudi. Kanuni hii ikipitishwa, mama mwenye uchungu atangoja gari ambalo hakuna aliyeambiwa alilete.

Nilimshuku mhariri wa rasimu, mtu wa ng'ambo nisiyemjua hata sura. Adabu yake ndiyo iliyozidi kunitia wasiwasi, maana kila barua aliianza kwa kunishukuru. Nikasema moyoni, huyu amekaa na wauza vifaa wa miji mikubwa, wamekubaliana watu wa mbali tutupwe. Nikaandika barua ndefu ya kumtuhumu mbele ya wasomaji wote. Nilikuwa sijaituma; maoni yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

Alhamisi asubuhi binti akaja kunisalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Za Mgori?"

"Nzuri. Mwizi wako wa rasimu umeshamkamata?"

"Bado kumfunga kamba tu. Hebu soma."

Akaisoma barua akiwa amesimama, mkoba ungali begani. "Baba, ningekuletea mimi habari ya jirani namna hii, ungenifukuza. Ungeniuliza, nani kakwambia?"

"Si aya hiyo hapo!"

"Aya naiona. Aliyeileta yuko wapi?"

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Barua za wasomaji wote huhifadhiwa, na kila mtu anaweza kuzifungua. Tukaanza kurudi nyuma, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikiandika kwenye daftari. Toleo la tano, mwito mmoja. La nne, mmoja; yote mawili nilikuwa nimeyasoma bila kuushtukia. La tatu, kifaa kiite bila kikomo. Tukafungua barua zilizotumwa kati ya hayo mawili.

Binti akanigeuzia kompyuta.

Barua ilikuwa yangu. Nilikuwa nimelalamika kwamba vifaa vinaita bila kupumzika mpaka betri ya sola inakwisha, nikaomba miito ipunguzwe. Sikusema ibaki mingapi. Mhariri alinisikiliza, akapunguza, akanishukuru.

"Haya baba, ile kamba iko wapi?"

Nilifuta tuhuma zote, nikaandika kwamba kosa lilianzia kwangu. Nikaomba kifaa kiite mara tatu, kama mtu mwenye adabu anavyopiga hodi, kila mara kikingoja zaidi, na ujumbe usifutwe mpaka mhudumu wa kituo aambiwe kwamba haukufika. Tukaituma kabla ya adhuhuri.

Toleo la saba lilikuja na miito mitatu, na ujumbe haufutwi kimyakimya tena. Mhariri alinishukuru, kama kawaida yake. Nami nilimshukuru Mungu, kisha nikalisoma lote upya kwa shaka ileile, nikianza na aya nilizoziomba mwenyewe.