Sharti la Kuishi Bila Kashfa

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundisha kitu. Nilifika kwenye shule ya misheni, milimani Ileje, nikiwa nimevaa shati nililolilaza chini ya mkeka usiku kucha ili linyooke. Padre Msimamizi, yaani padre aliyeangalia shule zote za misheni yetu, akaniketisha barazani na kunisomea karatasi ya mapatano. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita vya Hitler vimekwisha. Sikuwa na cheti. Kusoma nilijifunza kwa vitabu vya kuazima kwa katekista, na hesabu nilijifundisha mwenyewe kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama. Watu wa namna yangu tuliitwa walimu wa leseni: serikali ilituruhusu kufundisha madarasa ya chini tu, na leseni yenyewe iliombwa na misheni. Misheni ikikukataa, leseni nayo imekwisha.

Masharti mengi yalikuwa mepesi kuyaelewa. Kuandika andalio la somo, yaani maelezo ya utakachofundisha na hatua zake. Kuita majina asubuhi. Kuwapeleka watoto kanisani Jumapili. Sharti la mwisho lilisema: mwalimu ataishi bila kashfa, yeye na nyumba yake. Nilikuwa nimeshapewa kalamu, lakini nikauliza kashfa ni nini hasa.

“Ni jambo ambalo watu wakilisema, Kanisa litaona haya,” akasema Padre.

“Hata kama si kweli, Padre?”

Alinitazama kidogo. “Tia sahihi, Mwalimu. Utaijua ukikutana nayo.”

Mtu wa aina yangu asingepaswa kupewa jibu la namna hiyo. Herufi moja ikilala vibaya ubaoni, nilifuta mstari mzima. Basi nikaanza kupima kila jambo: kunywa pombe ya ulezi wakati wa mavuno, kucheka na wanawake gulioni, kuimba nikioga. Mwalimu Mkuu wangu, Mndali mmoja mcheshi, aliniona ninavyohangaika akasema, “Bwana mdogo, iko siku utakwenda misheni kuomba ruhusa ya kupiga chafya.” Nilicheka. Ninakiri kwamba jioni ile nilijiuliza kama alikuwa na maana nyingine.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Kamsamba, bondeni. Huko joto lilifanya chaki ishikane na vidole, na mpunga ukianza kukomaa darasa lilibaki nusu kwa sababu watoto walikwenda kuwinga ndege. Mwalimu mwenzangu wa Kamsamba alikuwa fundi wa kufundisha kusoma kuliko sisi wote. Alimchukua mke wa pili. Jumapili moja Padre Mkuu wa misheni ya huko alisoma jina lake mbele ya waumini, na kesho yake mtu yule akafunga mizigo. Shule za misheni nyingine zilimkataa, maana kila msimamizi aliuliza barua kutoka kwa msimamizi wa kwanza. Mara ya mwisho nilimwona huko Ivuna, kwenye visima vya chumvi, akichemsha chumvi. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kama watoto bado wanachanganya “l” na “r”. Nilimjibu kwamba bado, tukaachana.

Nilipopelekwa Chapwa, karibu na mpaka, nilikuwa nimeoa. Mke wangu, Skolastika, alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi wa jembe. Masika ya mwaka wa pili ikaja habari kwamba kaka yangu mkubwa amefia migodini, ng'ambo. Alimwacha mjane, Namwinga, na watoto watatu, katika nyumba ambayo paa lake lilikuwa limeoza. Skolastika ndiye aliyesema waje kwetu mpaka mvua ziishe. Tukawapa chumba cha nyuma. Kwa kuwa Padre Mkuu wa Chapwa alikuwa safarini, nilimpa taarifa katekista, nikarudi tena kumpa ile ile ili nihakikishe ameielewa.

Hapa lazima nieleze jambo la lugha. Kwetu Wanamwanga, katika utani wa nyumbani, mke wa kaka huitwa mke, naye humwita shemeji yake mume, hata kama shemeji huyo ni mtoto wa kuchunga mbuzi. Hakuna anayeshtuka. Namwinga alikuwa na Kiswahili kidogo cha sokoni: bei, karibu, asante, mke, mume. Neno shemeji hakuwa nalo.

Padre Mkuu aliporudi, kabla hajaonana na katekista, alipita nyumbani kwangu bila taarifa. Skolastika alikuwa shambani, nami darasani. Alimkuta mwanamke asiyemjua anatwanga uani, akamuuliza kwa upole, kwa Kiswahili, yeye ni nani hapa. Namwinga akajifuta mikono, akapiga goti kwa heshima, akajibu, “Mimi mke wa Mwalimu.”

Niliitwa misheni jioni hiyo hiyo. Nilipewa mpaka Jumamosi nije na watu wa nyumba yangu tulizungumze jambo hilo. Siku hizo sikula sawasawa. Niliandika utetezi wangu mara nyingi na kuuchana kila mara, kwa sababu sentensi ya kwanza haikunyooka.

Jumamosi tuliketi katika chumba cha katekismu: Padre Mkuu, katekista akiwa mkalimani, baba yangu mkubwa aliyekuwa msemaji wa ukoo, Skolastika, Namwinga na mimi. Nilieleza habari ya utani ule. Padre alisikiliza mpaka mwisho. Skolastika alipoulizwa alisema mjane ameletwa na yeye, na usiku analala na wanawe. Nadhani mambo yangeishia hapo, lakini baba mkubwa alikohoa.

“Mwambie Padre mtoto huyu anaona haya,” alimwambia katekista. “Ni mke wake kweli. Kaka akifa, nyumba yake aiwashie moto nani? Jirani? Tunangoja mvua ziishe tu, tunywe pombe ya kumkabidhi.”

Katekista alitafsiri neno kwa neno. Nilisema sitamrithi, wala sijawahi kukubali. Baba mkubwa akasema hakuna aliyeniuliza.

Padre Mkuu alinigeukia. “Mimi nakuamini, Mwalimu. Lakini ulitia sahihi juu ya kashfa, si juu ya dhambi. Dhambi ni wewe na Mungu. Kashfa ni hawa,” akaonyesha dirishani, ambako watu walikuwa wamejifanya wanapita njia. “Wote wanasema mke. Aondoke kabla ya Jumapili ijayo, ama unikabidhi funguo za shule.”

Nilimkumbuka yule wa Ivuna. Niliwakumbuka pia wale watoto watatu na lile paa.

Namwinga ndiye aliyesema, kwa Kinamwanga, akimtazama katekista. “Muulize Padre: ni neno tu linalomkera? Maana waume ninao wengi. Hata yule mtoto wa baba mkubwa asiyejua kufunga kaptula ni mume wangu. Hakuna hata mmoja aliyenishikia jembe.”

Skolastika aliinamisha uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Padre alipotafsiriwa maneno hayo alisema kwamba ndiyo, kama watu wangemwita jina lingine, naye akalisema mwenyewe mbele ya waumini, kashfa ingekuwa imekwisha.

“Basi nitamwita kaka,” akasema Namwinga.

Baba mkubwa aliinuka. Kwa ukoo wetu mjane akimwita shemeji yake kaka mbele za watu, amejitoa. Hawezi kurithiwa na yeyote, lakini pia hana tena haki juu ya shamba la marehemu. Linarudi kwa wazee. “Unajua unachosema, binti?” aliuliza. “Lile ni shamba la bondeni. Maji hayakauki.”

“Najua. Nimelilima peke yangu.”

Jumapili, baada ya misa, alisimama mbele ya altare akiwa na watoto wake, akaniita kaka mara moja, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba apishwe. Baba mkubwa alitoka nje kabla hajaketi. Juma lile lile ng'ombe wa wazee waliingizwa kulima lile shamba. Mimi Jumatatu niliita majina kama kawaida. Ninakiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu, na kwamba ubaoni hakuna herufi yangu iliyolala vibaya.

Aliishi nasi. Tulimgawia kipande cha shamba letu, chembamba na chenye mawe, na watoto wake wote watatu walipita darasani kwangu. Nilihamishwa tena, nikapata cheti, nikawa Mwalimu Mkuu, nikawasomea walimu vijana masharti yale yale. Vijana wa leo huniuliza kama lilikuwa sharti jema. Nimelifikiri sana, kama kawaida yangu. Lilimzuia mwalimu mlevi asiwaharibu watoto, hilo nimeliona. Lilimpeleka pia fundi wa kusoma kwenye vyungu vya chumvi. Aliyeliandika hakuwa na shamba la kupoteza kwetu.

Nilipostaafu, shule zilikuwa zimeshachukuliwa na serikali na padre yule wa Chapwa amekwisha kurudi kwao. Baba mkubwa alikuwa kaburini. Jioni moja tukipukuchua mahindi nilimwambia Namwinga kwamba sasa hakuna wa kutuuliza, anaweza kunitania kama zamani, aniite mume. Skolastika akasema hata yeye amekumbuka utani ule.

Namwinga aliendelea kupukuchua. “Hapana, kaka,” akasema. “Mke hurudishwa kwao. Dada atarudishwa wapi?”