Jirani wa Magharibi

Walinichagua kuwa katibu wa kamati ya urasimishaji wa viwanja kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Mimi ni fundi cherehani pale Mwanga, kutwa ninaandika vipimo vya wateja, na mwenyekiti wetu, karani mstaafu wa bandari, aliona hiyo ni elimu ya kutosha. Nilikubali kwa kiburi, siwafichi. Nilipenda watu wanisalimu kwa cheo.

Mtaa wetu uko Ujiji, kule chini kunakoteremkia ziwani, na nyumba zimejengwa kila mtu alivyojaliwa. Safari hii tuliambiwa wenyeji ndio watakaoonyesha mipaka yao wenyewe. Fomu ilitaka majirani wa pande zote nne, kila mmoja asimame mpakani na kukubali. Lakini watu wa kwetu hawatulii. Huyu yuko Mwamgongo kwenye dagaa, yule kavuka ng'ambo Kongo. Kamati ikajitungia kanuni: asiyekuwepo aitwe mara tatu mbele ya watu. Asipoitika, aandikwe hayupo. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Kichwa kiliniuma tulipofika kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka ziwani. Ya kwanza ilikuwa ya mvuvi mmoja mzee, ambaye wazazi wake walitoka Kongo. Ziwa lilipoanza kupanda, mzee aliwapeleka wanawe ng'ambo, yeye akabaki, kisha asubuhi moja hakuonekana, wala mtumbwi wake. Wengine walisema amewafuata wanawe. Wengine walilitazama ziwa tu. Nyumba yake ilibaki imesimama ndani ya maji hadi madirishani, mlango umefungwa.

Sasa hesabu ilikuwa hii. Kama jirani wa magharibi yupo, shangazi ni wa pili na anapata hati. Kama hayupo, jirani yake ni ziwa, na anayepakana na ziwa hapimiwi. Anaandikwa kwenye orodha ya watakaohamishiwa viwanja vya juu, njia ya Mwandiga.

"Sihami," shangazi aliniambia. "Nihame, jirani nimwache na nani?"

Nilicheka. Nilijua ni ujanja wake, maana shangazi yangu anaweza kukuuzia kanga yako mwenyewe ukamshukuru.

Zamu yake ilifika saa tisa alasiri. Upepo hakuna, ziwa limetulia kama maji kwenye beseni. Tulikuwa watu kama ishirini, pamoja na mpima ardhi, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, amevaa buti za mpira. Shangazi alisogea mpaka maji yakamfika vifundoni.

"Hodi, jirani."

Kimya.

"Hodi, jirani. Una wageni."

Kimya. Mwenyekiti akanitazama, nikaiweka kalamu tayari.

"Jirani, mwiriwe," shangazi akamsalimu kwa Kiha, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Mlango wa ile nyumba ukagongwa kwa ndani, mara mbili.

Niwaeleze jambo. Yule mzee alishona nyavu zake huku ameibana sindano kwa meno, kwa hiyo ukipiga hodi hakukujibu kwa mdomo. Aligonga ubao wa mlango mara mbili. Mtaa mzima tulilijua hilo. Mpima hakulijua, akatabasamu na kuuliza, "Nani yumo?" Akayatazama maji, hayakuwa na wimbi hata moja, na tabasamu likamtoka.

"Ameitika," mwenyekiti alisema. "Kanuni ni kanuni."

Ningeweza kusema neno. Ubao ukilowa hujikunja, gogo huelea likagonga. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilitaka shangazi apate hati, na nilikuwa naogopa, na hofu na tamaa vikinikuta pamoja huwa sina maana kabisa. Nikaandika: jirani wa magharibi, yupo. Mpima alisaini akiwa amesimama, chai tuliyomwandalia hakuigusa.

Mvua za mwaka uliofuata, maji yalifika kizingitini kwa shangazi. Nilimkuta amepandisha jiko juu ya matofali, na pembeni kuna sahani ya ugali na dagaa imefunikwa.

"Ya nani hiyo?"

"Ya jirani. Siku hizi anagonga hata sijamwita."

Kesho yake nilikwenda ofisini kuomba shangazi aingizwe kwenye orodha ya viwanja vya juu. Mhudumu alifungua faili, akasoma mwandiko wangu mzuri. "Hapa jirani yupo," alisema. "Kubadili mpaka, lazima naye akubali. Au mkamwite upya."

Tukarudi, kamati nzima. Mwenyekiti akasema niite mimi, kwa kuwa ndimi niliyeandika. Siku hiyo upepo ulivuma kweli kweli, mawimbi yakiupiga ukuta wa ile nyumba, na mlango niliuona kwa macho yangu ukitikisika. Ulipaswa kugonga. Haukutoa sauti. Niliita mara ya kwanza, nikaita ya pili. Ya tatu niliita huku namwomba Mungu asiitike, na nikajichukia kwa dua hiyo.

Hakuitika.

Nikaandika hayupo, nikageuka nimwambie shangazi tufungashe. Alikuwa amekwisha kukaa chini kwenye matope, kanga kichwani, miguu ameinyoosha, amekaa kama mfiwa.

"Amekufa," alisema. "Jirani yangu amekufa, na ninyi mnapima."

Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Hapakuwa na ujanja wowote pale, wala hapakuwa nao tangu mwanzo. Mwenyekiti akavua kofia, akaenda kukaa kando yake, na wengine wakafuata mmoja mmoja, wakampa pole. Mimi nilikaa wa mwisho, mbali naye, kwa sababu mwaka mzima hakuna aliyeweza kumlilia mtu ambaye mimi nilimwandika yupo.