Ghala Lenye Chapa ya Jirani

Siku lilipofunguliwa ghala la Balangdalalu naikumbuka bado, mwanangu, hata vumbi lake. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, na kampuni binafsi zilikuwa zikiingia kununua nafaka. Mimi nilikuwa mhandisi katika mojawapo. Ghala lile nililichora mimi, nikalisimamia juani tangu msingi hadi bati. Baba yangu, mfugaji asiyejua kusoma, alichinja beberu akaleta wazee wenzake waje wasikie jina la binti yake.

Likasomwa jina la mhandisi. Halikuwa langu. Lilikuwa la bwana mmoja wa Arusha, aliyeikagua michoro yangu na kuigonga muhuri, maana yeye alikuwa amesajiliwa na bodi ya wahandisi, mimi bado. Nilikuwa nikijiambia kampuni binafsi inataka kazi tu. Mshahara unaingia, usajili wa nini? Wahenga husema mchumia juani hulia kivulini. Siku ile nilichumia mimi, kivulini akakaa mwingine.

Baba aliwaaga wazee wenzake. Njiani ndipo akaniuliza:

"Binti, ndama akizaliwa zizini kwako, akapigwa chapa ya jirani, ni wa nani?"

"Wa jirani, baba."

"Na akiingia shamba la mtu, watamfuata nani?"

"Huyo jirani."

"Basi wewe huna ng'ombe, huna kesi. Unachunga tu."

Nililia, sikufichi. Kisha nikaanza safari ya usajili: kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, kuandika ripoti, kukaa mbele ya jopo nikiulizwa maswali mpaka jasho. Wenzangu walinitania eti natafuta cheti cha kutundika sebuleni. Baadaye kampuni ikauzwa. Wenye mali wapya walipopunguza watu, swali lao la kwanza lilikuwa: nani hapa ana muhuri? Wale watani wangu wakafungasha.

Ghala lililofuata lilikuwa la Nangwa. Bosi mpya alitaka msingi wa juu juu ili awahi mavuno. Nikamwambia sitagonga muhuri. Alifoka, akatishia kunifukuza, mwisho akakubali kuchimba msingi wa kina. Zamani ningeitikia tu "ndiyo, bosi", kwa kuwa sikuwa na cha kumnyima.

Siku ya kulifungua, baba alisogea kwenye kibao cha ukutani kilichochongwa majina. "Chapa yako ni ipi hapa?" Nikamshika kidole, nikakipitisha juu ya jina langu. Akalipapasa taratibu, kama anavyopapasa ubavu wa ng'ombe wake.

"Huyu ni wa kwetu," akasema.

Kwa hiyo, mwanangu, usiridhike na kuitwa injinia mtaani. Jisajili mapema, hata kama mwajiri hakulazimishi. Kampuni ina mwenyewe, na kesho anaweza kuiuza. Muhuri ni wako, unahama nao. Ila uugonge pale tu ambapo uko tayari kufuatwa ng'ombe akiharibu shamba. Mungu akupe moyo wa kukataa inapobidi, na kila utakachojenga kisimame kikiwa na jina lako.