Mgeni Rasmi Aliyekuwa Kwenye Orodha

Hali yetu ilikuwa hivi: mvua ya mawe ilikuwa imeyapukutisha majani ya chai na kuivunja migomba, chuo nilikofundisha kilikuwa kimefungwa, na jina langu, kwa idhini yangu mwenyewe, lilikuwa katika orodha ya nyumba zitakazopewa mahindi na maharagwe ya serikali pale Ekerenyo. Aibu iliyofuata niliitengeneza kwa mikono yangu, nami naikiri.

Nililelewa kwamba mtu haendi kwa chifu bila koti na tai (mke wangu, Kemunto, aliniuliza kama nafuata chakula au naenda kuoa mke wa pili), basi nikavaa suti, na nilipofika uwanjani naibu wa chifu, mgeni katika lokesheni yetu asiyenijua, akanidhania mgeni rasmi, akanishika mkono, akanipitisha mbele ya foleni nzima hadi meza kuu, akanipa soda, akaniomba niwasalimu wananchi kwa niaba ya kaunti; nami, badala ya kumsahihisha, nikasimama nikahutubu juu ya subira (dakika kumi, na methali tatu).

Kisha majina yakaanza kusomwa. Kanuni ilikuwa moja: ukiitwa mara tatu usiitike, mgao wako hupewa mwingine.

Nikaitwa mara ya kwanza, nikatazama soda. Nikaitwa mara ya pili.

Jirani yangu, Mama Kerubo, akasema kutoka kwenye foleni, bila haraka, "Ombati si huyo hapo mbele? Ama tungoje mwalimu amalize methali ya nne?"

Uwanja ukaangua kicheko. Naibu akaniinamia, akanong'ona kwamba ninyamaze tu, jina litarukwa na heshima yangu itabaki. Nikaifikiria sufuria yetu, ambayo kwa siku tatu ilikuwa imechemsha ndizi changa zilizoangushwa na mvua, nikaona kwamba heshima ya namna hiyo hailiki.

Nikakitwaa kipaza sauti. "Ombati ni mimi. Nimewahubiria subira, na mimi mwenyewe nina njaa. Leteni gunia langu."

Nikalibeba begani, tai ikining'inia, nikapita katikati yao bila kuinamisha kichwa, kwa kuwa aliyelipa kodi miaka ishirini hana sababu ya kuunyemelea ugali wake. Naapa sitawahutubia tena wenye njaa kabla ya kuwaambia kwamba nami ni mmoja wao. Kuhusu chakula, siapi lolote.

Mwezi uliofuata nilipanga foleni, nikaitwa, nikaitika.